Maji Yaliyolala Bombani

Wakazi wa Barrow-in-Furness, mji wa bandari kaskazini-magharibi mwa Uingereza, walikuwa wameuzoea ule mvuke. Ulitoka kwenye tundu ukutani mwa Forum 28, jengo la sanaa la halmashauri ya mji, ukashukia kwenye kichochoro ambacho watu walikikatiza wakienda na kurudi katika shughuli zao. Kiangazi cha 2002 watu wakaanza kulazwa kwa homa ya mapafu, mmoja baada ya mwingine, mpaka idadi ikakaribia 180. Saba walikufa. Wagonjwa hawakuwa wamekula chakula kimoja wala kufanya kazi pamoja. Walichofanya ni kupita karibu na jengo lile na kuvuta pumzi.

Mtambo wa kiyoyozi wa jengo hilo ulitumia maji kuondoa joto, na maji yenyewe yalikuwa hayatiwi dawa. Kazi ya kuyatibu ilikuwa imeondolewa kwenye mkataba wa matengenezo. Mwaka 2006 mahakama iliitoza halmashauri faini ya pauni 125,000, na ofisa wake aliyesimamia huduma za ubunifu wa majengo akatozwa pauni 15,000. Mashtaka mazito zaidi, ya kuua bila kukusudia, hayakusimama. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa baadaye na mamlaka ya usalama kazini inafaa kusomwa na kila msimamizi wa jengo, kwa sababu mabomba yenyewe yanachukua nafasi ndogo sana ndani yake. Inasimulia ushauri uliotolewa ukapuuzwa, wakandarasi wasiosimamiwa na mtu, watumishi wasiofundishwa, na idara zisizozungumza. Inasema pia kwamba hatari haikuwa imetathminiwa.

Neno hilo, tathmini, huwapa watu picha ya chupa za sampuli na majibu ya maabara. Chupa zina kazi yake, lakini huja mwishoni. Sehemu kubwa ya kazi ni kuyafuata maji kwa miguu, kuanzia yanapoingia kwenye kiwanja hadi yanapotoka bombani, na kuuliza katika kila hatua: hapa yana joto gani, yamekaa kwa muda gani, na yakitoka yanamfikia nani?

Kiumbe anayetafutwa ni bakteria wa lejionela. Jamii yake ina spishi zaidi ya 60, lakini anayeleta balaa nyingi ni mmoja, Legionella pneumophila. Kwa asili yake anaishi kwenye mito, maziwa na udongo wenye unyevu, kwa idadi ndogo, na huko hamsumbui mtu. Shida huanza anapoingia ndani ya majengo. Humo hukuta mambo matatu anayoyapenda: maji ya uvuguvugu, maji yaliyosimama, na utando wa utelezi unaojijenga ndani ya mabomba na matangi. Ndani ya utando huo wamo amiba, vijidudu ambavyo kawaida hula bakteria. Lejionela akimezwa na amiba hafi. Huzaliana humo humo hadi amiba anapasuka na kuwamwaga majini. Akiwa ndani ya amiba hukingwa na klorini na hata joto, ndiyo maana tangi likitiwa dawa mara moja kisha likaachwa, baada ya wiki chache mambo hurudi yalivyokuwa.

Mtu haugui kwa kunywa maji hayo kama kawaida. Huugua anapovuta matone madogo mno yanayoelea hewani, yale yanayotoka kwenye bomba la mvua, chemchemi ya mapambo, beseni la mapovu au mnara wa kupozea maji. Njia nyingine ni kupaliwa, maji yakikosea njia na kwenda mapafuni, jambo linalowapata zaidi wagonjwa na wazee. Dalili huanza kati ya siku 2 na 10 baadaye, mara nyingine zaidi: homa kali, kikohozi, maumivu ya misuli, kuchanganyikiwa, pengine kuharisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 100 wanaougua, 5 hadi 10 hufa. Walio hatarini zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 50, wavutaji sigara, na wale ambao kinga yao imeshuka kwa ugonjwa au dawa. Kutoka mtu kwenda kwa mtu ugonjwa huu hausambai, isipokuwa tukio moja linaloshukiwa lililoandikwa Ureno mwaka 2014.

Jina lake ni la Julai 1976. Wanajeshi wastaafu wa chama cha American Legion walikutana Philadelphia, kwenye hoteli ya Bellevue-Stratford, wakati Marekani ikisherehekea miaka 200 ya uhuru. Baada ya kurudi makwao wakaanza kufa. Waliougua walifika 221 na waliokufa 34, wakiwamo watu ambao hawakuingia hotelini bali walipita tu barabarani nje yake. Magazeti yaliandika kuhusu mafua ya nguruwe, sumu, hata hujuma. Hoteli ilikosa wageni, na kabla mwaka haujaisha ikafungwa. Bakteria alipatikana mwishoni mwa Desemba, pale Joseph McDade wa kituo cha taifa cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, aliporudia kuzitazama slaidi zake za zamani, na habari ikatangazwa Januari 1977.

Kilichofuata ni cha kuvutia zaidi kuliko ugunduzi wenyewe. Watafiti walifungua majokofu na kupima damu iliyohifadhiwa kutokana na milipuko ya zamani ambayo haikuwahi kuelezeka. Mmoja ulikuwa wa 1965, katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington. Mwingine ulitokea 1968 mjini Pontiac, Michigan, ambako watu zaidi ya 140 walipata homa kali iliyopoa yenyewe baada ya siku chache, bila kifo hata kimoja. Yote miwili ilikuwa kazi ya lejionela. Na jengo la Pontiac, watu walimougulia kwa sababu ya mfumo mbovu wa kiyoyozi, lilikuwa ofisi ya idara ya afya ya kaunti.

Chukua basi jengo la kawaida la ghorofa tano au sita katika mji wa pwani: hoteli, hosteli ya chuo, au hospitali binafsi. Mkaguzi anayeijua kazi yake huanza kwa kuomba mchoro wa mabomba. Mara nyingi haupo. Ukiwapo, ni wa siku jengo lilipojengwa, na tangu hapo bafu moja limegeuzwa stoo, jikoni kumehamishwa, na ghorofa imeongezwa juu. Kwa hiyo anauchora upya, fundi bomba wa jengo akiwa ubavuni, kwani huyo ndiye anayekumbuka koki ipi ilizibwa na kwa nini. Ripoti nyingi zinazolipiwa pesa nzuri zina thamani ndogo kuliko nusu saa ya kuzungumza na fundi huyo.

Swali la kwanza ni maji yanatoka wapi. Ya mamlaka ya mji huja na klorini kiasi. Ya kisima kirefu huja bila klorini kabisa. Ya boza huja na chochote kilichokuwa ndani ya boza. Klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa na kupata joto, kwa hiyo hata yaliyoingia getini yakiwa salama hufika ghorofa ya tano baada ya siku kadhaa yakiwa hayana kinga. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 za klorini huru kwa kila lita pale maji yanapomfikia mtumiaji. Hilo hupimwa kwa kifaa kilekile wanachotumia watunza mabwawa ya kuogelea, kwa dakika moja. Mkaguzi hupima getini, halafu kwenye tangi, halafu kwenye bomba la mbali kuliko yote. Tofauti kati ya namba hizo tatu humweleza mengi.

Kisha huomba ufunguo wa paa.

Juu huko kuna matangi. Hutazama kama mfuniko unafunga sawasawa, kama bomba la hewa na la kufurikia yana wavu, kama ndani kuna majani, mjusi aliyekufa au tope. Tope ni chakula na ni maficho. Hutazama pia maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Matangi mawili yaliyounganishwa vibaya hufanya moja lipitishe maji yote na la pili likae kimya kwa miezi, likipikwa na jua. Hata katika tangi moja, bomba la kuingiza likiwa upande uleule wa bomba la kutolea, maji mapya hukatiza na kutoka, na yaliyo kona ya pili hayasogei.

Halafu huja hesabu. Miongozo ya Uingereza inapendekeza jengo lisiweke maji baridi zaidi ya yale yatakayotumika kwa siku moja. Jengo linalotumia lita 2,000 kwa siku likiwa na matangi ya lita 20,000 juu ya paa linatembea na maji ya siku kumi. Hapa kitabu cha wataalamu wa Ulaya na maisha ya miji yetu haviendi pamoja, na hakuna haja ya kujifanya vinakwenda. Anayeishi na mgao wa maji hawezi kuambiwa apunguze akiba. Kinachowezekana ni kuyapanga matangi yatumike kwa zamu, kuyafunika yasipigwe na jua, kuyasafisha kwa ratiba inayojulikana, na kupima klorini ndani yake badala ya kuikisia.

Joto ndilo kiini cha yote. Bakteria huyu hulala maji yakiwa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi. Kati ya 20 na 45 huzaliana, na hunawiri zaidi karibu na 35. Kwenye nyuzi 50 huanza kufa polepole, kwa saa kadhaa. Kwenye 60 wengi humalizika ndani ya dakika chache, na juu ya 70 hufa karibu papo hapo. Kwa hiyo kanuni iliyoenea duniani ni fupi: maji baridi yabaki chini ya nyuzi 20, maji moto yahifadhiwe kwenye 60 na yatoke bombani yakiwa angalau 50. Mkaguzi hubeba kipimajoto, hufungua bomba la baridi, husubiri dakika mbili, huandika. Hufungua la moto, husubiri dakika moja, huandika. Hurudia jengo zima.

Mombasa, Tanga na Dar es Salaam nusu ya kwanza ya kanuni hiyo huvunjika kabla mkaguzi hajafungua begi. Wastani wa joto la hewa ni kama nyuzi 26, na maji yanayopita ardhini hufuata joto la ardhi. Bomba la baridi linalotoa maji ya nyuzi 28 au 30 ni jambo la kila siku, na tangi jeusi juani hupanda zaidi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina nafuu. Pwani haina. Tathmini inayonakili karatasi ya Manchester na kuandika "imeshindwa" kwenye kila koki ya baridi haimsaidii mwenye jengo hata kidogo. Maji yasipoweza kuwa baridi, ulinzi uliobaki ni klorini, usafi na mwendo: maji yatembee, yasilale. Ripoti nzuri ya pwani huonekana kwa jinsi inavyoitilia mkazo mihimili hiyo, na kwa ujasiri wa kusema kwamba namba 20 hapa haifikiki.

Upande wa maji moto una mitego yake. Mitambo ya jua imeenea juu ya paa za hoteli na nyumba za kupanga, na mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni za kuyataka majengo yenye matumizi makubwa ya maji moto yaweke mitambo hiyo. Alasiri ya jua kali tangi lake hupita nyuzi 60 bila shida. Alfajiri, au siku ya tatu ya mvua za masika, laweza kuwa na 38, joto ambalo lejionela angelichagua mwenyewe kama angeulizwa. Ndiyo maana mkaguzi haridhiki na kipimo cha saa tisa mchana. Huuliza kama kuna kipasha cha umeme cha kuongezea, kama kinawashwa, na kama kuna mtu aliyekizima kupunguza bili. Swali hilo la bili linaudhi, lakini ndilo linaloleta majibu ya kweli. Shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo haina tangi la kuhifadhi, na hiyo ni nafuu. Lakini maji hupita humo kwa sekunde chache tu, kwa hiyo haiui bakteria waliokwishaingia.

Nyuzi 60, kwa upande mwingine, huunguza ngozi ndani ya sekunde chache, na mtoto au mzee huumia haraka zaidi. Hoteli na hospitali hufunga valvu ya kuchanganya moto na baridi. Ikifungwa mbali na bomba, kipande chote kilichobaki hujaa maji ya nyuzi 40. Hapo fundi ameiondoa hatari moja na kuiotesha nyingine mita nne mbele.

Kisha kuna mabomba yasiyokwenda popote. Sinki likiondolewa, fundi huliziba bomba ukutani na kuondoka, na nyuma ya plasta kinabaki kipande kilichojaa maji yasiyotoka kamwe. Kila pampu inapowashwa, kidogo cha kilichomo husukumwa kurudi kwenye njia kuu. Kinachotakiwa ni kukikata kwenye kiungio chake, si kukiziba mwisho. Jamaa yake ni bomba linalofanya kazi lakini halitumiki: chumba cha wageni kisicho na mgeni, bafu la walemavu lililogeuzwa ghala la mifagio, choo cha ghorofa iliyohamwa. Mabomba ya namna hii hufunguliwa na kumwagwa maji kwa dakika kadhaa angalau mara moja kwa wiki. Mafundi wazoefu hawapulizi shawa ya namna hiyo hewani. Huitoa kichwa, au hukifunga kwa mfuko wa plastiki wenye tundu kwenye kona, maji yashuke bila kurusha ukungu usoni mwao. Na kichwa chenyewe hufunguliwa: kwenye maji ya chumvi na chokaa ya visima vya pwani, ndani yake hujaa magamba ambamo utando hushika vizuri.

Wakati wa Uviko-19 majengo ya dunia nzima yalilala kwa miezi, maji yakiwa ndani. Agosti 2020, ofisi kadhaa mjini Atlanta zilifungwa baada ya lejionela kupatikana kwenye maji yake. Mpangaji wa ofisi hizo alikuwa CDC, kituo kilekile kilichomgundua bakteria huyu.

Baada ya kujua mahali bakteria anapoweza kuzaliana, mkaguzi huuliza mahali anapoweza kurushwa hewani. Maswali haya mawili hayalingani, na watu huyachanganya. Tangi chafu linalomwagilia bustani kwa mpira uliolazwa chini lina hatari ndogo kuliko chemchemi safi kwa macho iliyo kwenye ukumbi wa mapokezi, yenye taa zinazoyapasha maji yake moto usiku kucha. Mwaka 1989 mji wa Bogalusa, Louisiana, ulipata wagonjwa kutokana na mashine ya duka kubwa iliyokuwa ikinyunyizia mboga ukungu zisinyauke. Na mapema 1999, kwenye maonyesho ya maua ya Bovenkarspel nchini Uholanzi, muuzaji mmoja alijaza beseni la mapovu ili wateja walione likifanya kazi. Hakuna aliyeoga humo. Wageni walipita, wakatazama, wakaenda kwenye maua. Takriban 200 waliugua na angalau 32 walikufa.

Minara ya kupozea maji ni ya daraja lake peke yake, kwa sababu hurusha ukungu nje ya jengo na upepo huuchukua. Katika mlipuko wa Pas-de-Calais, kaskazini mwa Ufaransa, mwishoni mwa 2003 na mwanzoni mwa 2004, watu 86 waliugua na 18 wakafa, wengine wakiwa wanaishi zaidi ya kilomita sita kutoka kiwanda kilichokuwa chanzo. Mwaka 2015 mnara ulio juu ya hoteli moja katika wilaya ya Bronx, New York, uliua watu 16. Jiji lilipoanza kuwatafuta wahusika liligundua kwamba halina orodha ya minara yake. Sheria ya kuisajili na kuikagua ilipitishwa Agosti mwaka huohuo. Hapa kwetu msomaji atazamaye kiyoyozi chake cha ukutani asiingiwe na hofu. Kile hakitumii maji kupoza. Kinachodondoka nje ni unyevu wa hewa tu. Minara inayohusika iko juu ya hoteli kubwa, maduka makubwa, viwanda na hospitali, na mwenye nayo anajua anayo, maana bili ya maji humkumbusha.

Swali la mwisho ni nani yuko upande wa pili wa bomba. Tathmini ya kiwanda chenye vijana wenye afya na ile ya wodi ya saratani haziwezi kuwa moja hata mabomba yakifanana. Hospitalini mkaguzi huangalia mambo ambayo fundi bomba hangeyawazia: mashine za barafu, vifaa vya kuvutia dawa mapafuni vinavyosuuzwa kwa maji ya bomba badala ya maji yaliyotakaswa, wagonjwa wanaopaliwa kwa urahisi. Na walio upande huo wa bomba huumia hata kosa likitokea mbali na jengo: jijini Flint, Michigan, baada ya chanzo cha maji kubadilishwa Aprili 2014, maji mapya yalikula mabomba na klorini ikawa haifiki mbali; watu 12 walikufa kwa ugonjwa huu katika miezi iliyofuata.

Baada ya maswali hayo yote ndipo sampuli huchukuliwa, na hapo ndipo kishawishi kikubwa hujitokeza: kuichukua kwenye bomba safi la karibu na ofisi. Maabara huotesha bakteria kwa siku hadi kumi na kutoa idadi ya makundi kwa lita. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2020 kuhusu maji ya kunywa linataka idadi hiyo iwe chini ya 1,000, na linazitaka nchi wanachama zihakikishe majengo ya kipaumbele, kama hospitali, yanafanyiwa tathmini. Lakini jibu safi la bomba moja ni la bomba hilo, siku hiyo. Wenye majengo hupenda kulitia fremu na kulitundika mapokezi. Sampuli ina maana ikichukuliwa pale ambapo mkaguzi, baada ya kutembea jengo zima, ana sababu ya kushuku.

Afrika Mashariki ugonjwa huu hausikiki mara nyingi, na wengine huchukulia kwamba haupo. Sababu ya ukimya ni rahisi zaidi. Homa ya mapafu hutibiwa kwa dawa za jamii ya penisilini kama amoksilini, ambazo hazimgusi lejionela kwa kuwa hujificha ndani ya chembe za mwili; inayohitajika ni azithromaisini au levofloksasini. Mgonjwa akifa, cheti huandikwa homa ya mapafu, na bakteria mwenyewe haoti kwenye chakula cha kawaida cha maabara. Kipimo cha mkojo kinachomtambua kwa haraka hakimo kwenye mazoea ya hospitali nyingi. Afrika Kusini ilipoamua kutafuta, ilipata: kati ya wagonjwa karibu 1,800 wa magonjwa ya njia ya hewa waliofuatiliwa katika hospitali mbili kati ya 2012 na 2014, 21 walikuwa na lejionela. Barrow, kwa kulinganisha, vifo vilikuwa vichache kuliko ilivyotazamiwa kwa wagonjwa wengi vile, kwa sababu madaktari walishuku mapema, wakapima mkojo na kutoa dawa inayofaa.

Utalii nao huleta habari ambazo maabara za hapa hazizitoi. Nchi za Ulaya zina mtandao unaokusanya taarifa za wasafiri waliougua baada ya kurudi. Wagonjwa wawili waliolala hoteli moja ndani ya miaka miwili hutosha kuinua bendera. Mtandao huo ndio ulioona, tangu Oktoba 2016, wasafiri waliotoka Dubai wakiugua kuliko kawaida, jambo linalowahusu pia maelfu ya Waswahili wanaosafisha, kutengeneza na kulala katika majengo ya Ghuba. Mwenye hoteli ya Diani au Nungwi anaweza kujua hali ya mabomba yake kwa barua kutoka kwa wakala wa utalii aliyeko maili elfu nne kutoka kwake.

Hoteli nyingi za pwani hupunguza shughuli au kufunga wakati wa masika, Aprili na Mei, na kufungua msimu mpya Juni au Julai. Wiki mbili kabla ya wageni ndio wakati wa kazi. Matangi humwagwa, husuguliwa na kutiwa klorini ya kutosha, kisha dawa hiyo husukumwa hadi kila bomba mpaka harufu yake isikike kwenye koki ya mwisho, ikakaa saa kadhaa na kumwagwa. Vipasha maji huwashwa hadi 60 na kuachwa usiku kucha. Vichwa vya shawa hulowekwa kwenye dawa ya kuondoa magamba. Joto na klorini hupimwa chumba kwa chumba na kuandikwa kwenye daftari lenye tarehe na sahihi ya mtu mmoja mwenye jina, aliye na mamlaka ya kukifunga chumba ambacho namba zake hazijakaa sawa, hata kama kimeshalipiwa.